Neno Kabla ya Muhuri

Misoji alichora mzunguko wa maji kwa chaki juu ya sakafu ya chumba cha baba mkwe wake, kwa ukubwa wake halisi, asije akakata mipira ya maji ikawa mifupi. Hapa tangi. Chini ya tangi pampu, maana pampu ikikosa maji hata kidogo inaungua. Kutoka kwenye pampu maji yapande hadi kwenye kibao cha shaba kinachokalia prosesa ya kompyuta, yabebe joto, yatoke, yapite kwenye rejeta itakayofungwa nje ya dirisha upande wa kivuli, yapoe, yarudi tangini. Mahali pa chini kabisa alitia alama ya msalaba: koki ya kumwagia, kwa siku ile maji yatakapotaka kubadilishwa.

"Wifi, hii ni kompyuta au pikipiki?" aliuliza Kabula, aliyekuwa ameketi mkekani akimkanda baba yake miguu kwa mafuta ya nyonyo. "Rejeta, mipira, feni. Bado tairi tu."

"Kompyuta ina joto kuliko pikipiki."

"Basi ifungie na honi, baba awe anatupigia akitaka uji."

Mzee Lugembe alikuwa kwenye kiti chake. Upande mmoja wa uso wake, ule uliobaki hai, ulicheka.

Mzee huyo alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo hapo Tabora kwa maisha yake yote ya kazi, na sifa yake ilikuwa kutojibu haraka. Watu walisema hukumu ya Lugembe huiva kwa moto mdogo. Kisha kiharusi kikamnyang'anya ulimi na mikono. Siku hizi alivaa kofia ya nyuzi laini iliyosoma fikra zake; kompyuta iliyokuwa kando ya kitanda ikazitafutia maneno, ikayaandika kwenye kioo kidogo mbele ya uso wake; naye akiridhika na neno alifumba jicho la kulia. Pale nyumbani tendo hilo waliliita muhuri. Akishagonga muhuri, spika ilisema, na ilisema kwa sauti yake mwenyewe ya zamani, nzito, yenye mkwaruzo.

Ila joto. Sheria ilikataza fikra za mtu kuvuka kizingiti cha nyumba yake, kwa hiyo kazi yote ililiangukia lile kasha moja la kompyuta chumbani, na kasha likipata joto lilijipunguzia mwendo ili lisife. Mashine za kupooza vyumba hazikuruhusiwa kuwashwa mchana. Umeme ulikuwa wa hospitali na visima. Alfajiri mzee aliongea kama watu. Jua likipanda, maneno yake yalianza kudondoka moja moja, na ilipofika adhuhuri ungemuuliza kama ameshiba, ukaosha vyombo, ukavifuta, ndipo akajibu.

Na sasa watu walikuwa wanakuja kumposa Kabula. Alikuwa mtu mzima, posa yake ya kwanza ilishavunjika zamani, na hii alikuwa hata haitarajii. Wazee wa upande wa mwanamume walituma salamu kwamba watakuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Baba yake alitaka kuwapokea kwa kinywa chake.

Misoji alijifuta chaki mikononi, akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, nikufungie mfumo huu? Utasema mchana kama unavyosema alfajiri."

Kwenye kioo kidogo kistari kikawaka, kikazima, kikawaka. Misoji alisubiri. Alitazama nje, jua lilikuwa kali, na duka la vipuri lingefungwa wakati wa chakula. Akachukua mkoba wake.

"Hujangoja jibu," Kabula alimwambia.

"Atakubali tu. Nani asiyetaka kusema?"

Jibu lilipokuja, yeye alikuwa kituo cha mafuta akinunua maji ya betri, maana maji ya bomba yana chumvi na yangeziba ile njia nyembamba ndani ya shaba. Aliporudi Kabula alimpa ujumbe: "Baba amesema, ngoja kwanza tuongee."

"Tutaongea nikimaliza," alisema Misoji, akaanza kukata mipira.

*

Kazi ilimkubali. Yeye alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo hospitalini. Joto alilijua kama mchungaji anavyomjua ng'ombe mkorofi. Dukani walimpa rejeta ya aluminiamu kwa bei rahisi akaikataa, kwa sababu shaba na aluminiamu zikikaa ndani ya maji mamoja moja humla mwenzake. Alitandika karatasi za tishu chini ya kila kiungo, akawasha pampu peke yake huku kompyuta imezimwa, akaketi kutazama. Mapovu yalizunguka yakilia kama mtoto anayenyonya, yakapungua, yakaisha. Tishu zote zilibaki kavu. Ndipo akawasha kompyuta.

Ilikuwa saa nane ya mchana, joto la kukausha mate mdomoni. Mzee Lugembe alitazama kioo chake, akafumba jicho.

"Shati hili linanibana kwapani," ilisema spika. "Toka asubuhi nataka kuwaambia."

Kabula aliruka, akamkumbatia Misoji, akalia na kucheka kwa pamoja. Siku ile nzima mzee aliongea. Aliuliza habari za majirani, akamkosoa mtangazaji wa redio, akamwomba Kabula asiimbe.

Lililofuata lilitokea Misoji akiwa peke yake naye, akimnyoa ndevu. Wembe ulikuwa shavuni. Spika ikasema:

"Mikono ya huyu ina akili. Binti niliyemzaa mwenyewe hana hata nusu."

Misoji aliondoa wembe. Jicho la kulia la mzee lilikuwa wazi kabisa, limemtoka kwa hofu. Kisha akalifumba, kwa nguvu, na neno la pili likaja. "Mwanangu, hilo lisahau."

"Sikusikia vizuri, baba," alisema Misoji, na uso wake ulikuwa umewaka moto.

Mzee alipolala Misoji alifungua mipangilio ya kompyuta, akaona. Tangu mwanzo ile programu ilikuwa na kazi ya ziada iliyoitwa Kutangulia. Kwa miezi mingi ilikuwa imejifunza jinsi mzee anavyokubali maneno, na iliweza kukisia ni neno gani angeligongea muhuri, ikalitoa bila kumsubiri. Kwenye joto, kompyuta huacha kazi za ziada; hata alfajiri nguvu zilitosha maneno ya kawaida tu, kwa hiyo Kutangulia haikuwahi kuwaka hata siku moja. Sasa maji yalikuwa baridi, prosesa ilikuwa na nguvu za kumwaga, na taa ya Kutangulia ilikuwa ya kijani. Ilichokisia mara nyingi kilikuwa sahihi. Mara nyingine ilichukua wazo linalopita tu, ikalitoa nje kabla mwenye nalo hajalikataa.

Palikuwa na kitufe cha kuizima. Kidole chake kilikuwa juu yake.

Alikumbuka siku aliyoletwa katika nyumba hii, mzee akimuuliza Shija, mwanawe na mume wa Misoji, na yeye anasikia, kama kweli wasichana wa karibu walikuwa wamekwisha. Tangu hapo alimpikia, alimwosha, alimgeuza kitandani, na mzee alimshukuru kwa adabu kama mtu anavyomshukuru karani. Sifa hakuwahi kumpa. Na kumbe alikuwa nayo, miaka yote, ameifungia ndani.

"Nitazima kesho," aliwaza, akatoa kidole.

Kesho hakuzima. Alianza kukaa chumbani kuliko kazi ilivyomtaka. Alifuta vumbi mahali pasipo na vumbi. Alisema, kama mtu asiye na neno, "Baba, Kabula amechelewa tena leo, eh?" halafu akanyamaza, akasubiri, akijifanya anakunja shuka. Na spika ikamlipa. *Huyu hangechelewa.* Au: *Shija aliona mbali kuliko mimi.* Kila mara jicho la mzee lilikuwa wazi, na kila mara Misoji alijifanya yuko mbali. Aliona jasho likimtoka mzee usoni, ingawa dirishani feni za rejeta zilikuwa zinavuma.

Ijumaa mzee alimwita. Alifumba jicho kwa makini, neno kwa neno.

"Misoji, nadhani ubongo wangu unaharibika. Siwezi kujizuia tena. Kinywa changu kinavuja. Kesho nitaaibisha watu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Sentensi moja ingetosha: si wewe, baba, ni mashine, na mimi najua. Lakini angeulizwa amejua tangu lini.

"Ni kuzoea tu, baba," alisema. "Utazoea."

*

Washenga walikuja Jumamosi, wamevaa makoti hivyo hivyo na joto lote lile. Aliyewaongoza alikuwa mzee Mihayo, baba mdogo wa bwana harusi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Shija alikuwa amerudi kutoka Mpanda kwenye kazi ya reli, akaketi kulia kwa baba yake. Misoji alisimama karibu na kasha, eti aangalie mitambo.

Mzee Lugembe aliwapokea vizuri. Aliwauliza safari, mvua, mifugo. Alipotamka, "Nyumba yenye binti haifungi mlango, karibuni mseme kilichowaleta," mzee Mihayo aliinamisha kichwa kwa heshima, na Shija akamtazama mkewe kwa macho ya asante. Misoji alijisikia mrefu.

Kisha binti akaitwa, kama desturi ilivyo, aulizwe kama wageni hawa anawafahamu. Kabula aliingia na sinia la chai. Alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi kwake ulitokea kwa kicheko. Alimwamkia mtu mmoja shikamoo mara mbili, akajicheka, chai ikamwagikia kwenye sinia, akacheka zaidi.

"Ona anavyocheka," ilisema spika. "Laiti Mungu angenipa Misoji nikamzaa, huyu akaja kuwa mkwe."

Jicho la mzee lilikuwa wazi. Mashine, ambayo haikujua kuona haya, iliendelea kutoa kila kilichokuwa kikimpita. "Nyamaza. Nyamaza, Lugembe. Mwanangu. Ee Mungu wangu, nyamaza."

Kabula aliliweka sinia juu ya meza. Aliliweka taratibu sana, vikombe havikugongana. "Karibuni chai," alisema, akatoka.

Mzee Mihayo ndiye aliyesema kwanza. "Sisi masikio yetu tumeyaacha mlangoni pamoja na viatu," alisema. "Hatujasikia kitu."

"Ni mashine," alisema Shija kwa haraka. "Wazee wangu, samahanini sana, ni mashine imeharibika. Si ndiyo, Misoji?"

Wote walimgeukia. Mzee Lugembe naye alimgeukia, kwa lile jicho moja linalomtii, na ndani yake mlikuwa na swali la kweli, swali la mtu aliyekuwa akijiona anapotewa na akili.

"Ndiyo," alisema Misoji. "Imeharibika."

Akachomoa waya. Wageni walikunywa chai yao mpaka mwisho, kwa adabu, wakaomba kurudi siku nyingine.

*

Alimkuta Kabula uani, akisugua sufuria ambalo lilishatakata.

"Wifi," alisema Kabula bila kugeuka, "nataka uniambie kitu kimoja. Lile neno lilikuwa la mashine au la baba?"

Shija alikuwa ameshamwambia mkewe la kusema: mashine ilichanganya maneno, iliokota takataka. Lilikuwa jibu zuri. Lingemponya Kabula, lingemponya mzee, na yeye Misoji lingemwacha mtu safi. Alilifikisha mpaka kwenye ulimi. Lakini aliliona lile jicho la mzee, lile swali, akajua kwamba uongo huo ungempa Kabula baba yake, na ungemwacha baba mwenyewe na wazimu asio nao.

"Lilikuwa wazo lake," alisema. "Ila hakulisema. Hakugonga muhuri. Mashine ilimtangulia. Na mimi nilijua inamtangulia, tangu siku ile ninamnyoa. Ningeweza kuzima."

Kabula aliacha kusugua. "Kwa nini hukuzima?"

Misoji alitafuta maneno yenye heshima kidogo, hakuyapata. "Alikuwa ananisifu."

Maji ya sabuni yalichuruzika mikononi mwa Kabula mpaka kwenye viwiko. "Kwa hiyo ulikuwa unakaa mle ndani unamsikiliza. Na mimi nakukuta unafuta vumbi, nakwambia wifi, pumzika, unajichosha."

"Ndiyo."

"Ulisikia mengi juu yangu?"

"Si yote mabaya, wifi. Siku moja aliwaza ulivyokuwa mdogo, ulipokuwa unam..."

"Usiniambie." Kabula alimgeukia kwa mara ya kwanza, macho makavu. "Kama ni langu, atanipa mwenyewe. Si lako wewe kunigawia."

*

Kabla ya jua kuzama Misoji aliingia chumbani na ndoo. Aliwasha kompyuta, akazima Kutangulia, akasubiri mpaka taa igeuke nyekundu. Kisha akapiga magoti, akamweleza mzee kila kitu, akitazama miguu yake mwenyewe. Alipofika pale pa "utazoea," alilirudia neno hilo mara mbili.

Kimya kilikuwa kirefu. Maji yalikuwa baridi na mashine ilikuwa na nguvu zote. Ukimya ule ulikuwa wa mzee.

"Kwa hiyo sina wazimu," alisema hatimaye.

"Huna, baba."

"Nilikuwa nahesabu mabati ya paa nisifikirie kitu. Ukiingia, nahesabu. Nilikuwa naogopa sauti ya miguu yako."

Misoji aliziba uso kwa kanga.

"Kwenye kile kiti cha mahakama waliletwa wezi, waliletwa waongo," alisema mzee. Alikuwa akifumba jicho, akifumbua, anaendelea. "Nilimuuliza kila mtu alichotenda na alichosema. Sikumuuliza hata mmoja kilichopita moyoni mwake. Moyoni hupita kila kitu, hata fisi. Kabula mimi nampenda mpaka namchunguza kila hatua kama mtu anayebeba yai. Hilo wewe hukulisikia, kwa sababu sina haja ya kuliwazia maneno. Ulisikia makapi, ukayaita chakula."

"Nimekosa, baba. Nakuondolea mfumo huu sasa hivi." Alisogeza ndoo chini ya koki, akaishika.

"Nani amekutuma umwage?"

Mkono ukasimama.

"Ulifunga bila kungoja jibu langu. Sasa unafungua bila kuniuliza, kwa sababu umeona aibu na unataka ikutoke. Aibu ni yako, kaa nayo. Maji ni yangu."

Akatoa amri zake, polepole, kama aliyekuwa akisoma hukumu. Kutangulia ifungwe kwa kufuli litakalofunguliwa na muhuri wake tu. Kioo kigeuzwe, kimwelekee yeye peke yake. Na mtu asiyeitwa asiingie, hata akiwa na fagio.

Misoji aliyatenda yote pale pale. Alipomaliza alibaki amesimama, ndoo tupu mkononi, akitumaini kusikia neno lingine, lolote lile. Akajigundua anatumaini, akainamisha kichwa.

"Sasa toka," alisema mzee. "Niitie binti yangu."

Kabula aliingia, akafunga mlango. Misoji alikwenda mpaka mwisho wa uwanja, kwenye banda la kuku, mahali ambapo sauti haifiki. Kabula alipotoka giza lilikuwa limeanza kuingia na macho yake yalikuwa mekundu. Alichota maji ya kunawa, akapita mbele ya wifi yake, akaingia chumbani kwake. Walichozungumza hakuna aliyekisema, na Misoji hakuuliza.

*

Washenga walirudi mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha vumbi. Safari hii Kabula mwenyewe ndiye aliyepanga watu wa kukaa sebuleni: baba, Shija, shangazi zake wawili. Alimjia Misoji jikoni asubuhi, amesuka nywele vizuri, akasimama mlangoni.

"Wifi, wewe utasimamia nyama."

"Sawa, wifi."

"Si kwamba nakufukuza."

"Najua," alisema Misoji, ingawa hakujua.

Kabula alitaka kuongeza neno, akalirudisha, akaondoka.

Basi Misoji alisimamia nyama. Alisikia viatu vikivuliwa, salamu zikipokezana, kisha kicheko cha Kabula, kile kile kikubwa, kikimwagika mpaka uani. Alisubiri kusikia kama spika itafuata. Badala yake shangazi mmoja akapiga kigelegele, wa pili akapokea. Posa imekubaliwa. Misoji alifungua kinywa naye apokee, kama inavyompasa mke wa nyumba hiyo, akakifunga tena. Alishika mwiko, akageuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Kutoka sebuleni vigelegele vilipungua, na ile sauti nzito yenye mkwaruzo ikaanza kusema. Ilikuwa ikizungumza na Kabula, alilisikia jina. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu. Hatua mbili tu na angeyapata maneno yote.

Misoji aliweka mwiko chini, akaenda kwenye karo, akafungulia bomba mpaka mwisho, akasimama pale akiyatazama maji yanavyopiga kelele kwenye sufuria tupu mpaka mzee alipokwisha kusema.